Kwa Nini Twapenda Kukaa Roho Juu?

Mwaka huu nimepewa kazi ya ukatibu katika Kamati ya Burudani, kazi ambayo sikuiomba, na tangu siku ile sina amani. Jumamosi ikifika ni lazima picha ya sinema ionyeshwe bwaloni, na Jumapili asubuhi ni lazima nilaumiwe kwa picha iliyoonyeshwa. Hayo nimekwisha yazoea. Lakini muhula ujao kamati itakutana kuamua mambo mawili ambayo siwezi kuyanyamazia. La kwanza, wako wenzetu waliotoa shauri kwamba zisionyeshwe tena picha za watu kukaa na kuzungumza, ila zile za bunduki na kufukuzana kwa magari tu. La pili, wanataka iwe kosa, tena kosa la kuadhibiwa kwa kufagia bwalo, mtu kusimulia habari za picha kabla wengine hawajaiona. Mimi nayapinga yote mawili, ijapokuwa hilo la pili nalipinga kwa moyo mzito kidogo, na sababu yake nitaieleza.

Nianze na usiku ule ambao wengi wenu mnaukumbuka. Ilikuwa Jumamosi ya tatu ya muhula uliopita, nami nilileta picha ya Marekani ya mwaka 1957 iitwayo 12 Angry Men, iliyoongozwa na Sidney Lumet. Haina rangi, ni nyeusi na nyeupe tu. Haina farasi, haina gari, na karibu yote imo ndani ya chumba kimoja. Raia 12 wamefungiwa humo siku ya joto kali mjini New York, waamue kesi ya kijana wa miaka 18 aliyeshtakiwa kwa kumchoma baba yake kisu hadi kufa. Huko kesi kama hiyo haiamuliwi na jaji peke yake. Ni lazima wale 12 wawe na kauli moja, na wakisema kijana ana hatia, atauawa kwa sheria. Wanapiga kura ya kwanza. Watu 11 wanasema ana hatia. Mmoja, ambaye ni Henry Fonda, anasema hana hakika. Basi, hiyo ndiyo picha.

Dakika kumi za kwanza nilisikia miguno. Mtu mmoja wa nyuma akauliza kwa sauti kubwa kama hii ni sinema au ni mkutano wa wazazi. Watu wakacheka, nami nikainama nyuma ya projekta kana kwamba natengeneza waya. Lakini yule mmoja asiye na hakika alipotoa mfukoni kisu kilicho sawasawa na kile cha ushahidi, ambacho wenziwe walikwisha amini kwamba hakina mfano wake, akakichomeka juu ya meza, bwalo zima lilinyamaza. Tangu hapo sikusikia hata benchi likilia. Kura zikaanza kuhama, moja moja, kama watu wanaovuka mto kwa woga. Zikafika sita kwa sita. Nje ya dirisha la chumba kile mvua ikaanza kunyesha, na papo hapo umeme wetu ukakatika.

Jamani! Kelele niliyoisikia usiku ule sijaisikia hata siku tulipofungwa bao la dakika ya mwisho. Umeme haukurudi. Tulikwenda mabwenini kwa tochi, na sasa sikilizeni ajabu. Katika bweni letu hakuna aliyelala kabla ya saa saba za usiku. Wale wale waliotaka bunduki ndio walioshindana kupita wote. Mzee mmoja mwenye mguu mbovu aliapa mahakamani kwamba alitoka kitandani akafika mlangoni kwa sekunde 15, akamwona kijana akikimbia. Nasi tulikwisha ona wale watu wa chumbani wakilipima jambo hilo na kukuta kwamba ni zaidi ya sekunde 40. Bweni letu halikuridhika. Mwenzetu mmoja alitembezwa katikati ya vitanda akichechemea kwa makusudi, mwingine akashika saa, na wengine wakapiga kelele kwamba anachechemea mno, kwamba analipwa na upande wa kijana. Kiranja alikuja kutufokea. Alisimama mlangoni, akasikiliza, kisha akaketi kwenye kitanda cha chini akaanza kutoa hoja zake mwenyewe. Kesho yake mchana umeme uliporudi, bwalo lilikuwa limejaa kabla mimi sijafika na waya.

Tena fikirini jambo hili. Picha ile huisha, nasi hatuambiwi kamwe kama kijana yule alimwua baba yake ama hakumwua. Twaambiwa tu wale 12 walikata shauri gani. Hakuna hata mmoja wenu aliyenijia kudai kwamba ameibiwa mwisho.

Basi nawauliza ninyi wa bunduki: kama utamu wa sinema ni risasi, ule wa usiku ule ulitoka wapi?

Mimi nimelitafuta jibu kwa muda, na aliyenisaidia zaidi ni Alfred Hitchcock, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1899 na kufa Marekani mwaka 1980, ambaye alitumia maisha yake yote kuwatia watu hofu wakamlipa kwa furaha. Mwaka 1962 alizungumza kwa siku kadhaa na kijana wa Kifaransa, François Truffaut, naye mtengenezaji wa picha, na mazungumzo yao yakatolewa kuwa kitabu mwaka 1966. Humo Hitchcock alitoa mfano ambao kila anayependa sinema yafaa aujue. Watu wamekaa mezani wanazungumza mambo ya kawaida. Ghafula bomu lililokuwa chini ya meza linalipuka. Mtazamaji ameshtuka, na mshtuko wake umedumu sekunde 15. Sasa ifanye habari ile ile kwa njia nyingine: mwonyeshe mtazamaji bomu likiwekwa, mwambie litalipuka saa saba kamili, mwonyeshe saa ya ukutani kwamba imebaki robo saa, kisha waache wale watu waendelee na mazungumzo yao yasiyo na maana. Maneno ni yale yale, meza ni ile ile, lakini mtazamaji sasa anataka kupiga kelele kuwaambia waondoke. Amepewa dakika 15 za wasiwasi badala ya sekunde 15 za mshtuko.

Wataalamu wa fasihi huiita hali hiyo taharuki. Sisi kambini kwetu twasema tu mtu yu roho juu. Angalieni basi inatengenezwa na nini. Haitengenezwi na kutokujua, kama wengi wanavyodhani. Inatengenezwa na kujua: mimi mtazamaji najua jambo ambalo yule mtu pale hajui, nami nimekwisha anza kumpenda, na sina njia ya kumwambia. Ukiondoa moja katika hayo, hofu inapoa kama uji.

Picha ya Hitchcock ya mwaka 1954, Rear Window, yalionyesha jambo hili hata mtoto akaelewa. Mpiga picha mmoja amevunjika mguu, yu kwenye kiti cha magurudumu dirishani, hana kazi ila kutazama majirani. Anamshuku mtu wa nyumba ya pili kwamba amemwua mkewe. Mchumba wake, ambaye ni Grace Kelly, anajipenyeza katika nyumba ya mtu yule kutafuta ushahidi. Na kutoka dirishani pake yule mgonjwa anamwona mwenye nyumba anarudi. Anawaona wote wawili, mchumba chumbani na mtu ukumbini, na mguu wake umefungwa plasta mpaka kiunoni. Nilipoitazama mara ya kwanza nilijikuta nimesimama. Kumbe sisi sote tuliokaa bwaloni ndio yule mtu wa mguu uliovunjika. Twaona yote, wala hatuwezi kunyanyuka kwenda kusaidia.

Wala msidhani kwamba chumba kile cha watu 12 kilitubana kwa bahati tu. Sidney Lumet ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1995 kwamba alipanga kamera kwa hila. Mwanzo wa picha kamera i juu kidogo ya macho ya watu, katikati i sawa na macho, na mwisho i chini, hata dari ikaanza kuonekana juu ya vichwa vyao. Akabadilisha na lenzi pia, kuta zikaonekana zikiwasogelea. Hakuna mmoja wetu aliyeligundua jambo hilo. Tulihisi tu kwamba joto limezidi, na baadhi yetu tulifungua vifungo vya shati.

Sasa nije kwenye ile sheria ya kufagia bwalo. Nilisema naipinga kwa moyo mzito, nayo sababu ni kwamba mimi mwenyewe ni mkosaji. Nilipokuwa Senior Two nilimsimulia jirani yangu wa dawati siri ya Psycho, picha ya mwaka 1960, usiku wa kuamkia siku ambayo angeiona. Hakusema nami wiki mbili. Nilistahili. Picha ile Hitchcock mwenyewe aliilinda hata akataka wenye majumba ya sinema wasimwingize mtu yeyote iwapo imekwisha anza. Siwezi kuwatetea watu wa namna yangu kwa kosa kama lile, maana kuna siri ambazo ndizo mlango wa nyumba, na ukimvunjia mtu mlango hawezi tena kubisha hodi.

Lakini kutoka hapo kwenda kusema kwamba habari yoyote ya picha ikijulikana basi utamu umekwisha, hilo si kweli, na Hitchcock huyo huyo ndiye shahidi wangu. Miaka miwili kabla ya Psycho alitengeneza Vertigo, kutokana na riwaya ya Kifaransa ya mwaka 1954. Ndani yake mna siri kubwa juu ya mwanamke mmoja. Waandishi wa riwaya waliificha hadi mwisho. Hitchcock aliitoa siri hiyo mapema, kungali sehemu kubwa ya picha mbele, akatuambia sisi na akamwacha yule mpelelezi gizani. Tangu hapo hatuulizi tena ni nini kilichotokea. Twauliza, maskini mtu huyu akijua atafanya nini? Na swali hilo la pili lauma zaidi.

Shahidi wangu mwingine yu karibu zaidi. Kila mmoja wetu amekwisha keti katika kibanda cha video, hata wale ambao wazazi wao hawajui. Mnamjua vijei, yule bwana wa kipaza sauti anayegeuza maneno ya picha kuwa Kiganda. Hatafsiri tu. Awapa wachezaji majina mapya, awacheka, awaonya, na mara nyingi atuambia litakalotokea kabla halijatokea: ngojeni, bwana huyu atajuta! Kwa mujibu wa sheria inayotakiwa na wenzetu, vijei wa nchi nzima wangefagia bwalo letu hadi mwisho wa dunia. Walakini watu hulipa, hujazana kwenye mabenchi, na akisema ngojeni, basi wanangoja wamekaa ukingoni mwa benchi. Yule vijei hakuwaharibia. Amewawekea bomu chini ya meza.

Na kwa kuwa nimetaja vibanda, nisidhaniwe kwamba nazichukia bunduki za sinema. La hasha. Mtu wa kwetu, Nabwana I.G.G., alitengeneza mwaka 2010 pale Wakaliga, Kampala, picha iitwayo Who Killed Captain Alex?, kwa fedha kidogo mno, na bunduki zilizomo zinatosha jeshi. Nimeiona mara nne. Ina vijei ndani yake, naye anashangilia kuliko sisi. Jina lake ni swali, ni nani aliyemwua Kapteni Alex, na mpaka leo swali hilo halijajibiwa na picha yenyewe. Tumekaa saa nzima na zaidi tukingoja jibu lisilokuja, tukatoka tukicheka. Wenye kusema kwamba sinema ni mwisho wake tu, wanieleze hapo.

Mwaka 2011 wanazuoni wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi fupi wasome, wengine wakielezwa mwisho kabla ya kuanza na wengine wasielezwe, wakakuta kwamba walioelezwa walizifurahia zaidi. Baadaye wengine walijaribu wakapata kinyume. Kwa hiyo silitumii jambo hilo kama rungu. Nalitaja ili mjue kwamba hata wakubwa wanabishana nalo.

Nina ushahidi mwingine wa kuchekesha, nao ni wa kushindwa kwangu. Kabla ya ile picha ya watu 12, nilionyesha The Wages of Fear, picha ya Mfaransa Henri-Georges Clouzot ya mwaka 1953. Mliokuwapo mnaijua aibu ile. Karibu saa nzima ya kwanza twaonyeshwa kijiji kimoja cha Amerika ya Kusini chenye joto na nzi, kimejaa wageni wasio na kazi wala nauli ya kurudi kwao. Hakuna linalotokea. Watu walianza kuondoka wawili wawili, kisha kumi kumi, wakasema wanakwenda kufua soksi. Nusu ya bwalo ilikwisha toka kabla malori hayajaonekana. Tukabaki wachache. Ndipo ikaja ile kazi: visima vya mafuta vinawaka, na ili kuzima moto ni lazima malori mawili yabebe nitrogliserini kupita njia mbovu za milimani, na dawa hiyo ikitikiswa hulipuka. Wanaume wanne wanakubali, kwa ajili ya mshahara. Kuna mahali lori halina budi kurudi nyuma juu ya jukwaa la mbao zilizooza, na chini ni korongo. Niliwatazama wale waliobaki. Mmoja alikuwa anatafuna ukosi wa shati lake.

Wale waliokwenda kufua soksi bado wanasema ilikuwa picha mbaya. Nami nasema kosa lilikuwa langu, wala si la picha wala si lao. Saa ile ya kwanza si ya bure. Huko kijijini ndiko tunakowajua wale wanne, nani mwoga anayejifanya jabali na nani mnyonge atakayekuwa jabali, na bila kuwajua lori lingekuwa lori tu. Lakini mimi katibu nilipaswa kusimama kabla ya kuzima taa na kusema: ndugu zangu, vumilieni, hawa mnaowaona wamelala kivulini, wanne kati yao watapanda lori ambalo likiruka jiwe hakuna atakayezikwa. Kama ningalisema hivyo, hata wale nzi wangalitazamwa kwa roho juu. Nilinyamaza kwa kuogopa kuharibu, na kunyamaza ndiko kulikoharibu. Ndiyo maana naomba kamati isitufunge midomo. Iseme, kama yataka, kwamba ni mwiko kufichua siri ambayo mwenye picha mwenyewe ameificha. Lakini hatari, na saa, na mzigo uliomo ndani ya lori, hizo zisimulieni hata njiani kwenda kisimani.

Hapo ningalimaliza, nikajiona mshindi. Lakini kuna mtu mmoja aliyenishinda kwa hoja wakati wa likizo, naye hakusoma kitabu cha Hitchcock wala cha Lumet. Ni mama yangu.

Mimi nimezaliwa katika kambi ya polisi, na ndiyo sababu naandika katika kurasa hizi za Kiswahili. Kambini kwetu makabila yote hukutana kwa lugha hii, na ndiyo niliyoanza kusemea. Baba yangu ni askari. Wadogo zangu hupenda picha za mapigano, lakini zikianza mama huchukua ungo wake wa maharagwe akaenda kuchagulia nje. Likizo hii nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Mwanangu, wewe walipa ili ukae roho juu? Mimi hiyo napewa bure."

Sikuwa na la kujibu. Nilikumbuka mwaka niliokuwa darasa la tano, baba alipokwenda doria akachelewa siku mbili bila habari. Mama hakulia wala hakusema na mtu. Alipika kila jioni chakula cha baba, akakifunika, na asubuhi akatupa sisi tukakila. Nawaza sasa kwamba mama alikuwa na kila kitu ambacho Hitchcock anakitaka: alijua hatari, alimpenda aliye hatarini, na hakuweza kunyanyuka kwenda kumsaidia. Wala hapakuwa na utamu hata chembe.

Nikaona ni lazima nilijibu jambo hili, kwa ajili yangu mwenyewe zaidi ya kwa ajili yake. Usiku mmoja baba yu kazini, nikamwomba mama aketi nami atazame picha moja kwenye kompyuta niliyoazima, nikamwahidi kwamba haifiki hata saa moja na nusu, na kwamba akichoka nitaizima. Ilikuwa High Noon, ya mwaka 1952, ya Fred Zinnemann. Mkuu wa usalama wa mji mdogo wa Marekani, ambaye ni Gary Cooper, ameoa asubuhi hiyo hiyo. Kabla hajaondoka na bibi arusi, habari yaja kwamba mtu aliyemtia gerezani amefunguliwa, naye atafika kwa treni ya saa sita mchana kulipiza kisasi, na wenziwe watatu wamekwisha kaa stesheni kumngoja. Anakwenda nyumba kwa nyumba kutafuta wa kumsaidia. Kila mtu ana udhuru. Na mkewe ni wa dhehebu la Kikweka, lisilokubali kumwaga damu. Baba yake na kaka yake waliuawa kwa bunduki, hataki kungoja kuwa mjane, ataondoka kwa treni ile ile. Muda wa hadithi na muda wa picha karibu ni sawa, na saa za ukutani zaonekana kila mara.

Nilikuwa natafsiri polepole, mimi ndimi vijei. Mama alikuwa na ungo wake magotini. Yapata saa tano na nusu ya kwenye picha, nikaona mikono yake haichagui tena. Saa ya ukutani ilipoonyeshwa kwa mara nyingine alisema, akiitazama, "Huyu ana bahati. Ana saa."

Nikamwuliza maana yake. Akasema yeye siku zile mbili hakuwa na saa. Hakuna aliyemwambia kwamba ikifika saa sita itakwisha, kwa heri au kwa shari. Kama mtu angalimwambia angoje mpaka saa fulani, angalingoja hata juu ya moto.

Nami tangu siku ile naona kwamba katika kuhesabu vitu vinavyofanya hofu ya sinema iwe tamu, nilisahau kile kilichokuwa ukutani mbele ya macho yangu. Hofu yake ina mwisho, na mwisho huo twaahidiwa tangu taa zinapozimwa. Hitchcock aliwahi kuivunja ahadi hiyo. Katika picha yake ya mwaka 1936, Sabotage, mtoto anatumwa mjini London na mzigo wenye bomu bila kujua, anacheleweshwa njiani na mchuuzi na kwa maandamano, sisi twatazama saa, na mwisho bomu lamlipukia ndani ya basi. Watazamaji walikasirika, na miaka mingi baadaye alimkiri Truffaut kwamba alikosea. Mimi nilipoiona nilikasirika vile vile. Sasa naielewa hasira yangu: sikukasirika kwa kuwa ni uongo, bali kwa kuwa ilikuwa mno kama ile sahani iliyofunikwa jikoni kwetu.

Treni ilifika. Bibi arusi alikwisha panda. Bunduki ya kwanza ikalia, na yule mwanamke akainuka kitini pake akateremka mbio. Mama alisimama, ungo ukaanguka, maharagwe yakaenda chini ya kabati na chini ya kitanda, naye hakuyatazama.

Baba alirudi saa moja asubuhi. Alipokuwa anakunywa chai, mama alimsimulia picha nzima, kutoka arusi hadi mwisho, nani alikufa na nani aliokoka, na nini yule mtu alikitupa mavumbini alipomaliza. Hakubakiza kitu, kama angalikuwa mwanafunzi wa shule hii angalifagia bwalo muhula mzima. Baba akasikiliza yote, akanitazama, akasema, "Ipo bado?" Nikamwekea. Aliketi na buti zake miguuni, kikombe mkononi, na kila saa ya ukutani ilipoonyeshwa mama alimwambia imebaki dakika ngapi. Alikwisha jua yote. Chai ile ilipoa bila kuguswa.